Kule Yetu, Kule Yao

Asubuhi moja, miaka ya elfu mbili ikielekea ukingoni, mtangazaji wa redio aliwauliza wasikilizaji kama wanalikumbuka lile gazeti la muziki lililokuwa likitoka kila Ijumaa. Simu zikamiminika. Mmoja alisema ujana wake wote umo ndani ya gazeti lile. Mwingine alisema vijana wa siku hizi hawajui kitu, kwamba zamani mtu aliusoma wimbo kabla ya kuucheza. Wa tatu, mwanamume mzima, sauti ilimkatika akashindwa kuendelea. Nilikuwa jikoni kwangu Kitengela nikikaanga mayai. Niliizima redio kwa mkono wenye mafuta.

Mimi pia nalikumbuka. Nalikumbuka jinsi mtu anavyomkumbuka jirani aliyemlia kuku. Jina lake sitalitaja, halistahili tangazo la bure. Anayetaka kulililia na alilie, lakini asije kwangu kuniambia kwamba lilikuwa gazeti la watu makini, watu waliopima kila neno kabla ya kulichapa. Neno moja lilipitia mikononi mwao, ninalijua, na nilikaa miaka mingi nikingoja walirudishe mahali pake.

Kinachonikera zaidi ni kwamba nililipenda. Nilikuwa katika shule ya bweni ya wasichana nje kidogo ya mji wa Kajiado, miaka ya tisini ikielekea mwisho. Wazazi wangu, watu wa magharibi, walikuwa wamepanga nyumba Kitengela kwa sababu baba alifanya kazi kiwanda cha saruji kule Athi River. Shuleni redio ilikuwa marufuku. Muziki wetu ulikuja kwa karatasi. Gazeti lilileta maneno ya nyimbo, picha za wanamuziki wenye suruali kubwa kama magunia, ugomvi wao, salamu za wasomaji, na katikati picha moja kubwa ya kubandika ukutani, yenye pini mbili zilizomtoboa msanii tumboni. Lilichanganya Kiswahili na Kiingereza jinsi sisi wenyewe tulivyochanganya. Wino wake ulikuwa mbaya. Matroni hakuhitaji kupekua masanduku. Alisema tu tunyooshe vidole, na mwenye vidole vyeusi alikwenda kufagia bwalo.

Gazeti tulilipata kwa mzee mmoja mwenye duka mkabala na lango la shule, mtu wa kaskazini mashariki, mcha Mungu, ambaye muziki hakuupenda hata kidogo. Hata hivyo alituwekea nakala chini ya kaunta. Tukienda kununua sabuni alikuwa anasema, "Hiyo gazeti yenu ya kelele imefika," na kulitoa kwa ncha za vidole, kana kwamba lina mafua.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa wasomaji. Ulitunga wimbo wako, ukautuma kwa posta, na ukibahatika ulichapishwa pamoja na jina lako na shule yako. Mwenzangu wa dawati alituma wa kwake.

Mwenzangu huyo alikuwa Mmaasai wa hapo hapo Kajiado. Mama yake, ambaye sote tulimwita Yeyo, yaani mama kwa lugha yao, aliuza maziwa njia panda ya mjini kila asubuhi, mitungi yake ya plastiki ikiwa imepangwa mbele ya miguu. Karo ilitoka kwenye mitungi hiyo. Upande wa baba yake walikuwa wamempigia Yeyo kelele siku nyingi kwamba shule inawatoa wasichana nyumbani, na kwamba huyu naye akishapata kalamu hatataka tena kunusa moshi wa kwao. Yeyo aliwajibu mbele ya watu kwamba huyu wake haendi popote. Alikula kiapo kwa ajili ya mtoto, na mtoto alijua.

Kwa hiyo wimbo ulikuwa wa Yeyo. Ulianza hivi, nami naukumbuka kuliko mistari yote niliyokaririshwa na walimu:

Asubuhi ikifika,
niletee kule, yeyo,
niletee kule nipate nguvu,
niende nisome, nirudi.

Asiyejua Kimaasai ataona kasoro. Kwa Kimaasai *kule* ni maziwa. Ndilo neno Yeyo alilolitamka siku nzima pale njia panda, kule, kule, kule, mpaka likawa kama jina lake la pili. Mwenzangu alitaka neno hilo la mama yake, ambaye hakuwahi kuingia darasani, litoke gazetini. Alimwambia mapema. "Yeyo, neno yako itakuwa kwa gazeti." Yeyo akawaambia wauza maziwa wenzake, na nina hakika upande wa baba nao waliambiwa.

Gazeti lilichelewa wiki hiyo. Lilifika Kajiado Jumapili asubuhi, siku ya wazazi kututembelea, na Yeyo alilipata kabla yetu. Alikuwa amempelekea yule mzee wa duka maziwa yake ya kila siku, akamwomba amsomee ukurasa wa mwisho. Mzee akavaa miwani, akasoma kwa sauti, polepole, kwa heshima zote, kila kilichoandikwa.

Kilichoandikwa kilikuwa hiki. "Asubuhi ikifika, nipeleke kule, yo yo. Nipeleke kule nipate nguvu."

Mhariri fulani Nairobi, mtu aliyelipwa mshahara, alikuwa ameona "niletee kule" akacheka. Huwezi kumletea mtu kule. Basi akairekebisha. Akakutana na "yeyo," akadhani ni mtoto wa shule anajifanya mwanamuziki wa Marekani, naye akamsaidia kuiandika vizuri. Mstari wa mwisho, wenye kurudi, aliukata kabisa, pengine ili kuacha nafasi ya tangazo la mafuta ya nywele lililokuwa chini yake. Jina la mwenzangu tu ndilo aliloliandika sawasawa, herufi kwa herufi.

Yeyo aliingia langoni na gazeti limekunjwa kwapani na kibuyu cha maziwa mkononi. Tulimkimbilia. Nilimwamkia kwa Kimaasai changu cha kuombaomba, naye akaniitikia vizuri, kisha akamgeukia binti yake.

"Unataka kupelekwa wapi?"

Mwenzangu hakuelewa. Alilichukua gazeti, akasoma, na nikamwona akisoma tena. "Yeyo, si mimi. Ni gazeti imekosea. Mimi niliandika niletee kule. Kule yetu. Hii yao ni ile ya mbali."

"Gazeti inaandikwa na watu wamesoma," Yeyo alisema. "Watu kama hao hawakosi neno moja."

"Hawajui Kimaasai, yeyo."

"Na wewe unajua, na jina yako iko hapo chini. Kama nyumbani imekushinda, sema tu. Usiambie Kenya nzima kabla hujaniambia."

Hakupaza sauti. Laiti angepaza. Alitumiminia maziwa kwenye vikombe vyetu kama kawaida, akatungoja tumalize, akafuta mdomo wa kibuyu kwa kanga, akaondoka. Tangu siku hiyo, kila mwenzangu alipofika nyumbani likizo, Yeyo alimpokea kwa swali lile lile, nusu utani: "Bado hujapelekwa?" Nusu nyingine haikuwa utani, na wote wawili walijua.

Mwenzangu alijaribu kila njia. Aliwaleta walimu waeleze. Alimwimbia wimbo wenyewe, kwa sauti yake aliyoutungia. Yeyo alisikiliza akatikisa kichwa, kwamba ndiyo, wimbo huu ni mzuri, lakini ule wa gazeti ndio watu waliousoma. Na kwa hilo hakuwa mjinga. Shemeji zake walikuwa wamesomewa ule wa gazeti. Walikuja kwake na nyuso za pole, wakamwambia si tulikwambia. Alihitaji gazeti lile lile liseme kwamba lilikosea, apate kitu cha kuwawekea usoni. Kwa hiyo tulilihitaji sote.

Tuliandika barua. Ilikuwa fupi na yenye adabu, adabu ambayo leo naijutia: tafadhali, katika wimbo wa mwenzetu, si "nipeleke kule" bali ni "niletee kule." Hatukueleza zaidi. Gazeti lililouzwa Kajiado, Isinya, Namanga, Loitokitok, hatukudhani kwamba linahitaji kuelezwa maziwa ni nini.

Baada ya wiki kadhaa masahihisho yalitoka, ndani ya kisanduku kidogo chini ya utabiri wa nyota. Yalisema kwamba katika wimbo uliochapishwa awali kulikuwa na hitilafu ya uchapaji, na mstari husika usomeke "niletee huko."

Huko. Niliwahi kuona watu wakikosea, lakini kumwona mtu akiliokota kosa lake, akalipangusa vumbi, akalivunja vipande viwili na kukurudishia, hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Mwenzangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilichukua karatasi nyingine nikaandika barua ya pili, na hiyo haikuwa na adabu nyingi. Nilieleza kila kitu: ng'ombe, maziwa, mama, njia panda, lugha. Jibu lilikuja kwenye ukurasa wa barua, mstari mmoja: "Dada wa Kajiado, tumekupata, poa sana, tutarekebisha kwenye toleo lijalo."

Basi tukaanza kungoja toleo lijalo.

Tulimaliza shule tukingoja. Mwenzangu akaenda chuo cha ualimu, mimi nikarudi Kitengela kwa wazazi, nikapata kazi ya karani katika duka la vifaa vya ujenzi, maana wakati huo kila mtu alikuwa ananunua ploti na kila ploti ilitaka ukuta. Kila Ijumaa jioni nilipita stejini, kwenye kituo cha matatu, kwa muuza magazeti. Aliyapanga juu ya gunia la nailoni na kuweka jiwe juu ya kila rundo, kwa sababu upepo wa mbugani pale hauna adabu na malori ya Namanga yakipita yanamalizia. Nilinunua, nikafungua ukurasa wa mwisho nikiwa nimesimama. Hakuna. Nikafungua chini ya nyota. Hakuna. Muuza magazeti alidhani nimejaza shindano nangoja zawadi. "Madam, wiki hii pia umekosa?" alikuwa ananiuliza, na kunionea huruma bure.

Huku nikingoja, gazeti lilikuwa linakonda. Kwanza ilipotea picha ya katikati. Halafu kurasa zikapungua, na zilizobaki zikajaa picha za watu waliohudhuria karamu wakiwa wameshika glasi. Stesheni za FM zilikuwa zimefunguliwa kila kona na watu walisikia nyimbo bure kutwa kucha. Saiba, vile vibanda vya intaneti, zikafika Kitengela. Kijana akitaka maneno ya wimbo aliingia, akalipia dakika chache, akatoka na karatasi safi isiyochafua vidole. Gazeti likaacha kujitegemea, likawa kijarida cha ndani ya gazeti jingine, kisha ukurasa mmoja kati ya matangazo ya zabuni na ya watu waliopotea. Ukurasa wa nyimbo za wasomaji ulikuwa wa kwanza kutupwa. Niliandika barua ya tatu, nikawaambia kwamba kabla hamjafa mna deni la neno. Hawakujibu. Ijumaa moja nilifika stejini, muuza magazeti akasema, "Hiyo ilikufa, madam. Chukua ya michezo."

Sikuchukua ya michezo. Nilisimama pale kama mtu aliyefika kwa fundi na kukuta kibanda kimevunjwa na nguo yake imo ndani.

Hata baada ya kufa halikuniacha. Wenye bucha walikuwa wamenunua marundo ya nakala zilizobaki, za kufungia nyama. Kwa muda mrefu Kitengela ukinunua nusu kilo ulipewa imefungwa kwenye sura ya mwanamuziki, damu ikimtoka puani. Nami, mwanamke mwenye akili timamu, niliikunjua kila karatasi juu ya sinki nikaisoma kabla ya kuitupa. Labda kulikuwa na toleo nililolikosa. Mume wangu aliniuliza kama nyama ya siku hizi inakuja na maelekezo.

Yeyo alifariki wakati mwenzangu anafundisha shule ya msingi hapa Kitengela. Aliugua kifua, hakuugua muda mrefu, na ziara ya mwisho binti yake alipomshika mkono aliulizwa tena, kwa sauti ya chini, "Bado hujapelekwa?" Mwenzangu alinieleza hayo ndani ya gari tukielekea Kajiado kuzika. Alisema alijibu, "Niko hapa, yeyo." Alisema Yeyo alifumba macho, na hakujua kama alisikia.

Mwalimu mwenzake alikuwa amejitolea kuleta kwaya ya kanisa lake kutoka Kitengela. Hatukuwajua. Walikuja wamevaa majoho ya zambarau, watu wa kazi za ofisi, wameomba ruhusa ya siku moja, nawashukuru kwa hilo na kwa hilo peke yake. Jeneza lilipokuwa linateremshwa, kiongozi wao aliinua mkono na wakaanza, taratibu, kwa sauti nne:

Asubuhi ikifika,
nipeleke kule, Bwana,
nipeleke kule nipate nguvu.

Gazeti linabeba maneno, halibebi sauti. Mtu fulani alikuwa ameyakuta yale maneno yamelala pale bila mwimbaji, akaona asubuhi, akaona safari, akaona kule, akasema hii ni mbinguni. Akaitoa ile "yo yo," akamweka Bwana, akaipa sauti ya kuzikia. Wimbo wa mtoto anayeomba maziwa kabla ya kwenda shule sasa ulikuwa unamfukia mwenye maziwa.

Mwenzangu alikuwa amesimama ukingoni mwa kaburi. Niliona midomo yake inaanza kuimba, na ilikuwa inaimba ya kwake. Niletee. Niletee kule, yeyo. Alikuwa karibu na kwaya, na sauti yake iligongana na zao. Kiongozi alimsikia. Akamsogelea, mtu mpole sana, akamwinamia sikioni, nami nilikuwa upande wa pili nikasikia.

"Pole, dada. Si niletee, ni nipeleke. Imba na sisi, itakutuliza." Akamwonyesha karatasi iliyokuwa ndani ya kitabu chake cha nyimbo ili afuatilie.

Ilikuwa fotokopi. Ukurasa wa mwisho wa gazeti, na hata nusu ya lile tangazo la mafuta ya nywele ilikuwa imetokea. Mwenzangu aliweka kidole chini ya wimbo, penye jina. "Huyu ni mimi," alisema.

Kiongozi aliangalia jina, akamwangalia yeye, uso ukamng'aa. "Kumbe ni wewe? Mungu akubariki sana. Huu wimbo wako tumezikia nao watu wengi."

Niliichukua karatasi mkononi mwake. Sikuomba, nilichukua. Nilitaka kuichana vipande vipande mbele ya majoho yote yale. Alidhani naitaka kwa ukumbusho. "Kaa nayo tu, dada," akaniambia. "Niko na zingine."

Kwaya ikarudia kiitikio. Nyuma yetu walikaa wauza maziwa wenzake Yeyo, na mmoja wao, bibi kizee ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye kuhesabu vikombe, akajikokota mpaka alipokuwa mwenzangu. Alimshika kiwiko, akamwambia kitu kwa Kimaasai huku akitabasamu kidogo, jinsi wazee wanavyowatania wafiwa wasije wakavunjika. Mwenzangu akainama, akaanza kulia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu msiba utokee.

Nilingoja mpaka tulipokaa kula ndipo nikamuuliza bibi alisema nini. Katika wimbo wote alikuwa ameshika neno moja tu, kule.

"Alisema, 'Umekuwa mkubwa hivi, na bado unamwomba yeyo wako maziwa?'"

Mwenzangu alirudi kuokota wali kwenye sahani. Hayo ndiyo maneno Yeyo alipaswa kuyasikia Jumapili ile, pale langoni. Lakini Yeyo alikuwa anajua Kiswahili. Nilikuwa bado na ile karatasi mkononi, imelowa jasho, nikaangaza macho kote katika boma lile kutafuta mhariri wa kumtupia usoni, na hakukuwa na mhariri, kulikuwa na watu wanakula.